Kumtayarisha Mchezaji wa Taekwondo wa Mombasa kwa Timu ya Taifa

Klabu za taekwondo za Mombasa, nyingi zikiwa kwenye kumbi za jamii na nyua za shule, huwapika vijana wao vizuri kwa mateke, kasi na ustahimilivu. Wanapokwama huwa ni mahali pengine: kwenye mizani, kwenye stakabadhi, na kwenye vitu wanavyotia mwilini bila kuuliza. Mwongozo huu unawahusu kocha na mzazi sawasawa na mchezaji mwenyewe, kwa kuwa maandalizi haya huanza miezi mingi kabla ya safari na hayawezi kubebwa na mtu mmoja.

Anza na stakabadhi, kwa sababu ndizo zinazochukua muda mrefu. Mchezaji anahitaji cheti cha mkanda mweusi kinachotambuliwa na Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyoko Seoul, pamoja na leseni ya kimataifa inayoombwa kupitia shirikisho la taifa. Anahitaji pia pasipoti ambayo bado ina angalau miezi sita kabla ya kumalizika, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Hapa Pwani kuna jambo linalowasumbua wengi, nalo ni tahajia ya majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule kinasema Muhammad, na cha mkanda kimeandikwa Mohammed bila jina la babu. Linganisha hati zote herufi kwa herufi kabla ya kuomba pasipoti, na iwapo mchezaji hajafikisha miaka 18, hakikisha wazazi wameweka tayari barua ya idhini na nakala za vitambulisho vyao.

Uzito ndio unaohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Katika Olimpiki wanaume hushindana chini ya kilo 58, 68 na 80, na juu ya 80. Wanawake chini ya kilo 49, 57 na 67, na juu ya 67. Mashindano ya dunia yana madaraja manane kwa kila jinsia, kwa hiyo nafasi za kuchagua ni nyingi zaidi. Usichague daraja kwa kutazama mpinzani gani ni dhaifu. Mpime mchezaji kila asubuhi kwa wiki tatu, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa mizani ile ile, kisha umweke pale mwili wake unapokaa wenyewe akiwa anakula vizuri na kufanya mazoezi kamili. Akihitaji kupungua, apungue polepole kwa muda wa wiki kadhaa, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mtoto anayekua asipunguzwe kabisa; apandishwe daraja.

Jikoni petu kupungua huko kunawezekana bila njaa. Chakula cha asubuhi cha mahamri na mbaazi za nazi kinaweza kuwa mbaazi zilizopikwa kwa nazi kidogo na chapati moja. Samaki wa kuchoma na mboga akachukua nafasi ya viazi karai jioni. Achari na krisi zikaachwa kwa muda, kwa kuwa chumvi huzuia maji mwilini. Jambo ambalo sitaki kuliona tena katika klabu yoyote ni kijana kukimbia mchana wa kaskazi akiwa amevaa koti la plastiki. Jasho la Mombasa halikauki haraka kwa sababu ya unyevu wa hewa, kwa hiyo mwili hushindwa kujipoza, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki wakijitoa jasho kwa njia kama hizi ili wafikie uzito. Isitoshe, faida yenyewe imepungua: mchezaji hupimwa siku moja kabla ya pambano, na asubuhi ya mashindano baadhi yao huitwa bila taarifa kupimwa upya, wakiruhusiwa kuzidi kwa asilimia 5 tu. Wa daraja la chini ya kilo 58 akionyesha zaidi ya kilo 60.9 asubuhi hiyo, hachezi.

Mwezi wa Ramadhani upangwe mapema. Mazoezi mepesi ya mbinu yafanywe saa moja kabla ya futari, na yale mazito baada ya tarawehe, mchezaji akiwa amekula tende, uji na kunywa maji ya kutosha, daku asiiache. Kufunga na kupunguza uzito visichanganywe. Mashindano yakiangukia ndani ya mwezi huo, suala la ruhusa ya msafiri ni la mchezaji na sheikh wake, na kocha anapaswa kuliheshimu.

Kuhusu dawa zilizokatazwa, kanuni ni kali na haina huruma: kinachopatikana kwenye mkojo wa mchezaji ni dhamana yake, hata kama alipewa na mtu mwingine. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 na wakala wake wa kupambana na dawa hizo, ADAK, na orodha ya kimataifa hutolewa upya kila Januari mosi. Vidonge vya kukojoza maji, ambavyo wengine huvitafuta ili wapungue, vimekatazwa wakati wote. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoefedrini, ambayo ina kikomo wakati wa mashindano. Mwenye pumu au maradhi mengine aende kwa daktari mapema ili, ikibidi, aombewe kibali cha tiba.

Kwa mji wetu kuna la kuongeza. Miraa na muguka ni majani ya mmea mmoja, na yana vichocheo viwili, kathinoni na kathini. Kathini ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo wakati wa mashindano ni kosa, na wakati huo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya pambano. Mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka na suala likafika mahakamani; msimamo wowote alio nao mtu kuhusu amri ile, mchezaji wa timu ya taifa aachane na majani hayo moja kwa moja.

Sasa mkekani. Klabu nyingi hazina kizibao cha elektroniki, yaani kinga ya kifua inayosajili pointi yenyewe, na hilo huwaponza vijana wetu wanapokutana nacho kwa mara ya kwanza mchujoni. Pointi ya teke la mwili husajiliwa pale vihisio vya soksi vinapogusa kizibao kwa nguvu ya kutosha, kwa hiyo teke linaloishia kwenye muundi wa mguu, hata likitoa mlio mkubwa, halihesabiwi. Jambo hili linaweza kufunzwa bila mitambo: paka chaki kwenye unyayo na sehemu ya juu ya mguu, mwache apige, kisha tazama alama imekaa wapi kwenye kizibao cha kawaida. Ngumi ya kifuani ni pointi 1, teke la mwili 2, la kichwa 3. Likiwa la kuzunguka, la mwili huwa 4 na la kichwa 5.

Mshindi wa pambano ni anayechukua raundi mbili kati ya tatu, kila moja ya dakika mbili, na adhabu tano ndani ya raundi humpoteza mtu raundi hiyo. Kuanguka ni adhabu, na kutoka nje ya mstari ni adhabu. Chora sakafuni pembe nane yenye upana wa mita 8 na ucheze humo kila siku, hadi mchezaji ahisi mpaka bila kutazama. Fanyeni pia sekunde 10 za mwisho mchezaji akiwa nyuma kwa pointi mbili. Cheick Cissé wa Côte d'Ivoire aliipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, Rio 2016, kwa teke la sekunde ya mwisho.

Mchujo ukiwa Nairobi, kumbuka kwamba mji huo uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mtu wa Pwani huishiwa pumzi raundi ya pili. Panga kufika siku kadhaa kabla, na urefushe kupasha mwili kwa sababu ya baridi. Msichana anayevaa hijabu ataruhusiwa kuivaa chini ya kofia ya kinga. Kimia Alizadeh wa Iran alishinda shaba ya Rio akiwa nayo. Sare, soksi zenye vihisio na kinga ya meno, ambayo ni lazima iwe nyeupe au isiyo na rangi, zisafiri kwenye begi la mkononi, na kinga ya meno ziwe mbili.