Sambar ya nyumbani: mbaazi, ukwaju na mboga, hatua kwa hatua

Nilikaa Chennai, kusini mwa India, miezi mitatu nikimuuguza mama yangu. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Amma, yaani mama, na karibu kila siku jiko lake lilitoa sambar, ule mchuzi wa mbaazi, ukwaju na mboga. Asubuhi ilimwagwa juu ya idli za moto, vile vikeki laini vya mchele vinavyopikwa kwa mvuke, kwenye sahani ya chuma, mchana ikaliwa na wali. Mimi niliosha vyombo, nikamenya vitunguu, nikatazama. Baada ya wiki mbili aliniachia mwiko, akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni akinielekeza kwa kunusa tu: "Bado, kannu." Kannu ni jicho kwa Kitamil, lugha ya huko, na mtu humwita hivyo ampendaye, kama sisi tunavyosema mboni ya jicho langu.

Sasa niko Dar es Salaam, napika kwa oda, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, mbona yangu inatoka kama mchuzi wa dengu uliokamuliwa ndimu?" Kila nikiuliza alivyopika, nakuta ametia kila kitu sufuria moja kwa wakati mmoja. Sambar haitaki hivyo. Mbaazi huiva peke yake, mboga na ukwaju peke yake, viungo vya kuungia peke yake, halafu vyote vinakutana dakika za mwisho. Ukishika hilo, mengine ni kuzoea mkono.

Na usiogope kwamba ni chakula cha kigeni. Karibu kila kitu kinachotakiwa kiko sokoni kwetu. Ile dali ya njano ambayo Wahindi huiita tur ni mbaazi zetu hizi hizi, zimekobolewa ganda na kupasuliwa. Nyingi zinazolimwa Tanzania huuzwa India, na wakulima wa Mtwara na Lindi hawajausahau mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingiza na bei ikaanguka. Mlonge, ambao pwani ya Kenya huitwa mzunze, ndio unaotoa yale maganda marefu ambayo kwa Watamil ni mboga ya sambar hasa. Sisi tunachuma majani, maganda tunayaacha yakauke juu ya mti.

Mahitaji, kwa watu 4 au 5

Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, robo tatu ya kikombe (kama gramu 150)
Ukwaju, donge la ukubwa wa ndimu ndogo
Vitunguu vidogo vyekundu 12, au vikubwa 2 vilivyokatwa vipande vinene
Mboga gramu 400 hivi: maganda mabichi ya mlonge, boga, karoti, biringanya, figili au bamia. Chagua mbili au tatu
Nyanya 2
Manjano, robo ya kijiko cha chai
Mafuta ya ufuta, vijiko 3 vya chakula
Chumvi na majani ya giligilani

Kwa bizari: mbegu za giligilani vijiko 3 vya chakula, dengu zilizopasuliwa kijiko 1 cha chakula, pilipili nyekundu kavu 5, binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, uwatu robo kijiko cha chai.

Kwa kuunga: haradali (zile mbegu ndogo nyeusi) kijiko 1 cha chai, pilipili kavu 2, mbegu chache za uwatu, mvuje, na majani ya mchuzi kishada kimoja.

Hapo kwenye mvuje niseme neno, maana dukani watu huchanganyikiwa. Wengine huita mvuje yale majani ya mchuzi. Ninaousema mimi ni utomvu mkavu unaouzwa umesagwa kwenye kikopo kidogo, Wahindi huuita hing. Hutoka kwenye mmea wa Iran na Afghanistan, na ukifungua kikopo harufu yake inakupiga kichwani. Usiuogope, ukikutana na mafuta ya moto unageuka kabisa. Kama kuna asiyekula ngano nyumbani, soma maandishi ya kikopo kwanza, kwa sababu mvuje wa kusagwa mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano.

Hatua ya 1: Mbaazi

Osha mbaazi mpaka maji yatoke meupe, loweka nusu saa. Zitie kwenye preshakuka na vikombe vitatu vya maji, manjano, na matone machache ya mafuta ili povu lisifurike. Filimbi 4 au 5 zinatosha. Zima moto, acha mvuke utoke wenyewe. Kwa sufuria ya kawaida ni dakika 45 hadi saa nzima, ukiongeza maji ya moto yakipungua.

Chukua punje moja uiminye kati ya vidole. Inatakiwa ipakike kama siagi, bila kiini. Ukihisi chenga, rudisha motoni, kwa maana zikishaingia kwenye ukwaju hazitaiva tena hata uchemshe mpaka jioni. Zikiwa tayari ziponde kwa mgongo wa upawa ziwe uji mzito, weka pembeni.

Hatua ya 2: Bizari

Unaweza kununua bizari ya sambar ya pakiti, na siku za haraka hata mimi hununua. Lakini ukikaanga mwenyewe mara moja utaonja tofauti.

Kikaango kikavu, moto mdogo. Anza na dengu, zikaange zipate wekundu. Fuatisha mbegu za giligilani na pilipili, kisha pilipili manga na binzari nyembamba. Uwatu uingie mwisho kabisa, sekunde 20 tu, ukibadilika rangi toa kikaango motoni. Uwatu ukiungua unakuwa mchungu, na uchungu huo hauondoki kwa sukari wala kwa nazi, utamwaga yote. Usiondoke jikoni hatua hii, na simu iache mezani.

Acha ipoe ndipo usage. Ikisagwa ya moto hutoa jasho ndani ya blenda, ikagandana. Sambar hii inataka vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Ikibaki, chupa kavu yenye kifuniko itaitunza mwezi.

Hatua ya 3: Ukwaju

Loweka ukwaju kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto, dakika 20. Uminye kwa vidole mpaka nyama iachane na kokwa na nyuzi, chuja. Onja tone. Ukwaju haufanani, kuna donge dogo linalokaza meno na donge kubwa lisilo na nguvu. Kwa hiyo ukianza kumimina usimalize wote, acha robo ya maji yake kwenye bakuli, utaongeza mwishoni ukihitaji.

Hatua ya 4: Mboga, kisha ukwaju

Hapa ndipo sambar inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maganda ya mlonge yakate urefu wa kidole, na unapokata vuta zile nyuzi za nje zinazoning'inia. Chagua mabichi yanayopinda. Yakishakuwa makavu ni kuni. Boga likate vipande vikubwa kwa sababu litalegea, karoti vidogo zaidi. Ukitumia bamia, zikaange pembeni kwa mafuta kidogo mpaka mlenda ukauke, uzitie dakika tano za mwisho.

Pasha kijiko kimoja na nusu cha mafuta kwenye sufuria. Kaanga vitunguu vidogo vikiwa vizima mpaka ngozi yake ianze kung'aa. Tia mboga ngumu kwanza, mlonge, karoti, figili, na maji matupu kikombe kimoja. Funika dakika 8 hivi. Kisha boga na biringanya, dakika 4 nyingine. Kisu kikiingia kwenye karoti kwa kukaza kidogo tu, ndipo umimine ukwaju, nyanya, bizari na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai.

Kwa nini nisisitize mboga zitangulie? Uchachu hukaza mboga. Mara ya kwanza kupikia wageni nilioalika mwenyewe nyumbani, nilimimina ukwaju juu ya karoti mbichi nikidhani naokoa muda. Dakika 40 zikapita, mchuzi umepungua, karoti zinalia menoni. Nilizitoa zote moja moja kwa kijiko na watu wameshanawa mikono. Tangu siku hiyo siharakishi.

Sasa acha ichemke bila kifuniko, dakika 10 hadi 12. Watamil wana neno la kinachosubiriwa hapa: pachai vasanai, harufu mbichi. Inama juu ya sufuria unuse. Mwanzoni mvuke unachoma pua, na unausikia ukwaju mbali na unga wa bizari mbali, kila mmoja na lake. Endelea kuchemsha. Itafika dakika ule mkwaruzo unatoweka, harufu inakuwa moja, na kandokando ya sufuria vinatokea vitone vya mafuta vyekundu. Hapo ndipo Amma alipoacha kusema bado. Ukiweka mbaazi kabla ya hapo, harufu mbichi inafungiwa ndani, na huo ndio mchuzi wa dengu wenye ndimu niliousema.

Hatua ya 5: Kuzikutanisha

Mimina mbaazi zilizopondwa, koroga taratibu usivunje boga. Ongeza maji ya moto kupata uzito unaotaka. Kwa wali, iwe nzito kiasi cha kuacha utando mgongoni mwa upawa. Kwa idli au dosa (chapati nyembamba ya mchele), iwe nyepesi zaidi, kwa maana idli inatakiwa iinywe. Kumbuka ikipoa inaganda, kwa hiyo ipue ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyopenda.

Moto mdogo, dakika 5 hadi 7, itokote bila kurukaruka. Onja. Chumvi kwanza, halafu ule ukwaju uliobaki. Ikiwa chachu kupita kiasi, kipande cha sukari guru kama ukucha wa kidole gumba kinaituliza. Kule Udupi, Karnataka, sukari guru huwekwa kwa makusudi na utamu unasikika. Kerala nao wengi hukaanga nazi iliyokunwa pamoja na bizari mpaka iwe kahawia, wakaisaga laini. Mtu wa pwani atakayependa nazi yake ajue hatoki nje ya mila. Mimi nilifundishwa ya Chennai isiyo na nazi, na hiyo ndiyo naipenda, mbaazi na ukwaju zinasikika wazi.

Hatua ya 6: Kuunga

Pasha mafuta ya ufuta yaliyobaki kwenye kikaango kidogo. Kitamil huyaita nallennai, maana yake mafuta mazuri, na sambar ikiyakosa nahisi. Samli pia inafaa. Yakipata moto tupia mbegu moja ya haradali. Ikipasuka, tia zote ufunike nusu, zinaruka. Zikinyamaza tia pilipili kavu, uwatu, kisha mvuje robo ya kijiko cha chai. Mwisho majani ya mchuzi, uwe umeyakausha kwa kitambaa, maana tone la maji hapo litakurushia mafuta usoni.

Mimina yote juu ya sambar papo hapo na ufunike. Usikoroge kwanza. Acha dakika tano, harufu isipae. Kisha funua, tia majani ya giligilani, koroga mara moja.

Kuila

Kwenye mlo wa Kitamil wa jani la mgomba, wali na sambar ndio huanza, kisha wali na rasam (supu nyepesi ya viungo na ukwaju), mwisho wali na mtindi. Nyumbani kwangu tunaila na wali mweupe, kijiko cha samli juu, na mboga kavu pembeni. Kipande cha mlonge hakitafunwi kizima: kipasue, kivute kati ya meno ukwangue ile nyama laini ya ndani, ganda uliweke pembeni mwa sahani. Waambie wageni mapema, wasije wakakitafuna kama muwa.

Ikibaki, usiilaze kwenye sufuria ya alumini, uchachu unakula chuma na ladha inabadilika. Tumia bakuli la kioo au la udongo, iingie kwenye friji ikishapoa. Kesho yake utaikuta imeganda kama uji. Ipashe moto mdogo na maji ya moto nusu kikombe, onja chumvi upya, kisha unga tena kidogo, haradali na majani mabichi ya mchuzi tu, kabla ya kupakua.