Kibuye na kamera ya mfukoni
Ukienda soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, acha begi la lenzi nyumbani. Beba kamera ndogo yenye lenzi moja isiyovuta (haina zoom), mfano Ricoh GR, upana wake sawa na milimita 28, yaani inaona eneo pana. Kwa kuwa huwezi kuvuta picha, itabidi usogee, na ukisogea lazima kwanza umsalimu mama muuza omena (dagaa) na kumwomba ruhusa. Hapo unaanza kuona mikono, gorogoro (kopo la kupimia) iliyobonyea, mzaha wa wateja. Weka f/8, yaani tundu dogo la lenzi ili vya karibu na vya mbali vitoke wazi, fokasi mita 2, usiiguse tena. Jua la Kisumu linatosha. Polepole jicho linaikata fremu, yaani mipaka ya picha, kabla hujainua kamera. Ndege wa Dunga, kwenye kinamasi cha kando ya ziwa, hao bado wanataka lenzi ndefu.