Kabla hujanunua besi nyingine, rekebisha uliyo nayo

Kila mara nakutana na kijana anayeshuka Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta gitaa jipya la besi kwa kuwa la zamani "halisikiki". Ngoja kwanza. Chukua bisibisi.

Hatua ya 1: badilisha nyuzi. Zilizoliwa na jasho hazifufuliwi na amplifaya yoyote. Zilizozungushiwa waya wa mviringo zina makali, na kwenye benga, besi inapojibizana na gitaa la solo, unayahitaji. Zenye utepe bapa hutoa sauti nene na fupi; kwa nyimbo za taratibu kanisani sitaki nyingine.

Hatua ya 2: elewa pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa. Karibu na shingo uzi hucheza kwa upana, sauti hujaa. Karibu na daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa) hauchezi sana, sauti hukaza na kugonga. Ndiyo maana besi ya Precision ya Fender, iliyotoka 1951 na pikapu moja, haisikiki kama Jazz Bass ya 1960 yenye mbili.

Hatua ya 3: pima kimo cha pikapu. Bonyeza uzi kwenye freti (kipande cha chuma shingoni) ya mwisho, acha milimita 2 au 3 hadi kwenye pikapu. Niliwahi kupiga harusi nzima nikilaumu nyuzi, kumbe pikapu ilipanda mno na sumaku ilikuwa inazivuta. Nota zilitetereka usiku kucha.

Hatua ya 4: fungua kitufe cha toni chote, kisha punguza taratibu. Kapasita iliyo ndani humwaga sauti za juu tu, nzito hubaki.

Mbao naziweka mwisho. Nazijali zaidi kwa uzito wake begani.

Maswali

*Mwalimu, yangu ina pikapu mbili, nikipunguza moja inavuma. Imeharibika?*
La. Nyingi husukwa kinyume, hivyo zikilingana hufutiana mvumo wa stima wa hezi 50. Ila mvumo ukizidi unapogusa nyuzi, kagua waya wa ardhi chini ya daraja.

*Betri yangu ya volti 9 inaisha haraka, kaka.*
Chomoa kebo ukimaliza. Kwa besi nyingi za betri, kebo ndiyo swichi.

*Binti yangu ana miaka 11, mkono haufiki freti ya kwanza.*
Mama, hiyo bila shaka ni ya inchi 34, yaani urefu wa uzi unaotikisika. Mtafutie ya inchi 30. Nyuzi zake pia ni laini zaidi kwa vidole vyake.