SOMO: Kulinda siri ya mgonjwa na kumpa taarifa anayoielewa (kwa watumishi wa vituo vya afya)

Habari za kazi, wapendwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ila mafunzo msiyaanze na vifungu, watu watasinzia. Anzeni dirishani, mapokezi.

Hatua ya 1. Mtumishi mmoja ajifanye mgonjwa, mwingine karani, waliobaki wakae kwenye benchi la wagonjwa, walinzi na wafanya usafi wakiwemo. Kisha wataje walichosikia: jina, mtaa, "wewe ni wa CTC (kliniki ya wenye VVU)?" Somo limeshaingia.

Hatua ya 2. Kila mtu na nywila yake, na atoke kwenye mfumo kabla ya kuinuka. Anayemwachia mwenzake wa zamu ya jioni mfumo wazi ajue kila kitakachofanyika kitaonekana kwa jina lake.

Hatua ya 3. Mgonjwa anapofunguliwa faili, aulizwe: tuwasiliane nawe kwa njia gani? Jibu liandikwe ili asiulizwe upya kila chumba.

Hapa naomba mtulie. Kiziwi anakuja na kaka yake, na daktari anamweleza kaka majibu ya VVU. Kaka kajua kabla ya mwenye mwili! Siri imevuja na hakuna aliyegusa kompyuta. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama anayebanwa na siri kama ninyi. Kuandikiana kunasaidia kwa anayesoma vizuri, lakini kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, basi tumieni sentensi fupi. Karatasi hiyo isibaki mezani. Na kiziwi haitwi kwa sauti, anafuatwa alipoketi.

Kwa asiyeona, "1×3" juu ya bahasha haimfai kitu. Funga mpira mmoja kwenye dawa ya asubuhi, miwili kwenye ya jioni, azishike akwambie ipi ni ipi.

Hatua ya 4. Mgonjwa yeyote arudie maelezo kwa maneno yake kabla hajaondoka.

MASWALI

*Dada, tukimtumia daktari bingwa picha ya kidonda kwa WhatsApp, ni kosa?*
Kama kuna njia rasmi, tumieni hiyo. Kama hakuna, ombeni ridhaa ya mgonjwa. Uso, jina na namba ya faili visionekane. Itumwe kwa daktari mwenyewe, siyo kundini, kisha ifutwe kwenye simu.

*Simu ya kituo yenye majina ya wagonjwa ikiibiwa?*
Mganga mfawidhi aambiwe siku hiyohiyo. Msiwafokee wanaotoa taarifa, kesho watanyamaza.

*Mume akipiga simu kuuliza majibu ya mkewe, nimjibuje?*
Kwa heshima: "Shemeji, majibu tunampa mgonjwa mwenyewe." Na akiuliza kama alifika leo, jibu ni hilohilo. Kusema "ndiyo, alikuja" nako ni kutoa siri.