Taa ya mbele imefifia: pima kabla ya kununua globu

Taa ya mbele ya gari la zamani ikianza kufifia, wengi hukimbilia duka la spea kununua globu. Mara nyingi globu haina kosa. Kilichopungua ni umeme unaoifikia, nao hupotelea njiani: kwenye soketi iliyoungua, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) yenye kutu au swichi iliyochoka. Maelezo haya ni ya magari yanayotumia globu ya H4, yenye miguu mitatu na nyuzi mbili ndani, moja ya dimu (mwanga wa chini) na moja ya fulu (mwanga wa mbali). Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinatumia hiyo.

Kwanza egesha gari likitazama ukuta usiku, washa dimu, kisha ulinganishe pande mbili. Zote zikiwa hafifu, anza na betri, alteneta (inayochaji betri) na njia kuu ya umeme. Ikiwa ni upande mmoja tu, betri na alteneta haziwezi kulaumiwa. Shida iko karibu na taa yenyewe.

Kwa upande mmoja, badilishana globu: ya kulia ipeleke kushoto, ya kushoto kulia. Ufifiaji ukihama na globu, umepata jibu bila kutoa hata shilingi. Usishike kioo cha globu kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huleta sehemu inayopata moto kupita kiasi; tumia kitambaa safi, na ukiigusa ifute kwa spiriti. Kioo chenye weusi kwa ndani maana yake globu imezeeka hata kama bado inawaka. Ukiwa umeishika, soma kitako chake. Lazima iandikwe 12V 60/55W. Globu ya lori ya 24V 75/70W inakaa vizuri kabisa kwenye tundu lile lile, inawaka, lakini kwa wekundu kama mkaa. Kosa hili hutokea zaidi kwenye maduka yanayouza spea za malori na za magari madogo pamoja.

Ufifiaji ukibaki upande ule ule, sasa chukua multimita (mita ya kupima umeme), iweke kwenye volti za DC kipimo cha 20. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachomoa soketi, wanapima, wanaona volti 12 na zaidi, wanasema waya ni mzima. Soketi ikiwa imechomolewa hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo hata waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti kamili. Pima taa ikiwa inawaka, soketi ikiwa mahali pake, kwa kuingiza pini nyembamba nyuma ya soketi, pembeni ya waya, hadi iguse chuma. Angalia pini mbili zisigusane.

1. Injini ikiunguruma na dimu ikiwaka, pima betri nguzo kwa nguzo. Unatarajia 13.8 hadi 14.4. Chini ya 13, shughulikia kwanza alteneta, mkanda wake na vichwa vya betri.

2. Pima kwenye globu yenyewe, mguu wa chanya na mguu wa hasi wa dimu. Kipimo hiki kikipungua kwa zaidi ya volti 0.7 kuliko cha betri, kuna kitu kinakula umeme.

3. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa chanya wa globu. Ukiona zaidi ya 0.5, tatizo liko upande wa chanya: fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), soketi.

4. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi, kutoka mguu wa hasi wa globu hadi nguzo ya hasi ya betri. Hapa hata 0.3 ni nyingi kama waya unakwenda moja kwa moja kwenye bodi.

Kwenye Toyota nyingi za umri huo, chanya hufika kwenye globu kupitia relei, na swichi ya usukani hukata upande wa hasi. Hivyo usishangae kukuta chanya kwenye mguu uliodhani ni wa ethi, na kipimo cha nne kitajumlisha na swichi. Kosa la swichi hiyo huonekana pande zote mbili kwa pamoja, si upande mmoja.

Usidharau volti moja. Mwanga wa globu ya uzi hushuka haraka kuliko volti: ukipungukiwa asilimia 10 ya volti, umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Dimu ya wati 55 huvuta takriban ampea 4.6, kwa hiyo volti moja inayopotea kwenye soketi ni karibu wati 5 za joto pale pale, ndani ya plastiki. Ndiyo maana soketi mbovu hugeuka kahawia, miguu yake hupoteza mkazo, na kadiri inavyolegea ndivyo inavyozidi kuungua. Soketi kama hiyo usiisugue. Kata, uweke mpya ya kauri, na waya zisokotwe na kubanwa kwa koleo la terminali, si kufungwa kwa selotepu.

Ethi mbovu ina alama yake kwenye magari ambayo hasi ya taa inafungwa kwenye bodi. Ukiwasha dimu, nyuzi zote mbili zinang'aa kidogo, na pengine taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi nayo inawaka kwa mbali. Umeme umekosa njia ya kurudi, unajipenyeza kupitia uzi wa fulu. Fungua boliti ya ethi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote, kaza, kisha paka grisi juu. Rangi iliyobaki chini ya terminali ni sababu tosha ya ethi kuwa mbovu.

Pande zote zikipungukiwa na gari halina relei za taa, ziongeze: relei ya ampea 30 kwa dimu na nyingine kwa fulu, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, na fyuzi ya 15 kwa kila moja, karibu na betri. Kuweka globu za wati 100 kwenye waya za zamani hakusaidii, unaziunguza tu.

Volti zikiwa sawa na mwanga bado hafifu, tazama taa yenyewe. Plastiki ya njano husuguliwa kwa msasa wa maji wa 800, 1000, kisha 2000, ikapigwa polishi na kupakwa kinga ya jua. Bila kinga hiyo inarudi njano mapema. Dawa ya meno hung'arisha kwa muda mfupi tu. Lakini kioo cha ndani kikibabuka na kupoteza ufedha, hakuna cha kusugua: nunua taa nzima. Ikiwa ni ya mtumba, hakikisha imetoka kwenye gari la nchi inayoendesha kushoto kama yetu, mfano Japani au Uingereza, la sivyo itawamulika machoni wanaokuja.