Heshima Yako Isomeke: Kuzungumza na Wenzako wa Kazini Ughaibuni

Vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nje ya nchi hunijia na maswali ya viza, nauli na nguo za baridi. Ni mara chache sana mmoja wao kuniuliza atazungumzaje na watu atakaofanya nao kazi, ingawa katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi Uingereza jambo hilo ndilo lililonisumbua kuliko baridi na kuliko upweke. Tulilelewa vizuri, na adabu tuliyofundwa nyumbani ni adabu ya kweli. Tatizo ni kwamba mtu asiyekulia kwetu hawezi kuisoma, na wakati mwingine huisoma kinyume.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzangu Mwingereza aliyekuja kunipokea alisimama mlangoni akaniuliza, kwa Kiingereza, kama sijampa bibi wa chumba cha mwisho vidonge vyake vya asubuhi. Nikamjibu kwa neno moja, ndiyo. Kwa Kiswahili jibu langu lilikuwa sahihi kabisa: ukiniuliza "Hujampa?" nami nikasema "Ndiyo," nimekubaliana na maneno yako, yaani sijampa. Kwa Kiingereza jibu hilohilo lina maana kwamba nimeshampa. Mwenzangu akaenda chumba kingine, na ni karatasi ya dawa iliyokuwa na nafasi tupu ndiyo iliyotushtua saa kadhaa baadaye. Bibi yule hakudhurika, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sijawahi kulijibu swali la namna hiyo kwa neno moja. Jibu kwa sentensi nzima: "Sijampa, nitampa sasa hivi," au "Nimempa saa moja na nusu." Ukipewa maagizo, yarudie kwa maneno yako kabla ya kuondoka, hata kama unaona aibu kufanya hivyo.

Jambo linalofanana na hilo ni ule mwitikio wetu wa "eee, eee" mtu anapozungumza nasi, hasa kwenye simu. Kwetu maana yake ni kwamba ninakusikiliza, endelea. Mwenzako wa Ulaya anaweza kudhani umekubali kila alichokisema, kisha akashangaa kesho yake unapopinga. Ukikutana na Mjapani utaona mkanganyiko huohuo ukimpata yeye, kwa kuwa neno lao "hai", ambalo vitabu hulitafsiri kuwa ndiyo, mara nyingi husema tu kwamba amekusikia. Kwa hiyo mwishoni mwa mazungumzo uliza waziwazi: tumekubaliana nini, nani atafanya, na lini? Katika hilo la lini, angalia pia saa zetu. Mtu anayewaza kwa Kiswahili akiambiwa kikao ni saa mbili hufikiria asubuhi, ilhali mwenzake anafikiria mchana. Andika muda kwa tarakimu za saa 24, kama 08:00 au 14:00, na tofauti hiyo ya saa sita haitakuponza.

Maneno ya upole nayo hayahamishiki yalivyo. Hatuna neno tunalolitumia mara nyingi kama "pole": mtu akijikwaa tunampa pole, akiwa na kazi nyingi tunampa pole na kazi. Ukilitafsiri kwa neno la Kiingereza la kuomba radhi, mwenzako atakuuliza kwa nini unaomba msamaha wakati hukumsukuma. Muulize kama ameumia, au mwambie kwamba unaona siku yake imekuwa ngumu. Kadhalika, Kiswahili hubeba heshima ndani ya kitenzi chenyewe, na "naomba unisaidie" linatosha kabisa. Kiingereza kinahitaji neno la tafadhali, na mara nyingi kinataka ombi liwe katika umbo la swali. Usipofanya hivyo utasikika kama mtu anayeamrisha. Usimwambie mtu kwamba amenenepa ukidhani unamsifu, na usimwite mwanamume wa miaka 60 mzee, kwa sababu huko neno hilo humkumbusha umri wake na halimpi hadhi.

Msidhani hata hivyo kwamba watu wote wa nje wako mbali nasi kwa kiasi kilekile. Wauguzi wa Kifilipino, ambao utawakuta katika hospitali nyingi za Uingereza, huitana "ate" na "kuya", yaani dada mkubwa na kaka mkubwa, na huongeza "po" katika sentensi ili kumheshimu mkubwa. Nilipolijua hilo nilijisikia niko nyumbani. Mjerumani naye ana "Sie" kwa mtu asiyezoeana naye na "du" kwa rafiki, na ni desturi kwamba mkubwa ndiye anayependekeza kuhamia kwenye "du". Kijana wa Tukuyu anayejua kumwamkia mkubwa wake atalielewa jambo hilo haraka. Anachohitaji ni kusubiri aalikwe.

Kuna tabia zetu tatu za mwili ambazo zinahitaji uangalifu. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kuamkia, hivyo dada wa miaka 45 anaweza kuingia ofisini akisubiri vijana wamsalimu, na wao wakamwona ana majivuno. Anza wewe. Pili, tumezoea kushikana mkono na kuendelea kuushikilia tunapozungumza, kama unavyoona pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, watu waliopotezana wanapokutana. Ughaibuni mkono hushikwa mara moja na kuachiwa, na mbele ya mwanamke, hasa Mwislamu, ngoja yeye aunyooshe kwanza. La tatu ni macho. Katika mila ya Wanyakyusa mkwe wa kike hakuthubutu hata kumtazama baba mkwe wake, na mpaka leo wengi wetu huinamisha macho mbele ya mkubwa anapotuonya. Meneja wa Kiingereza au wa Kijerumani anaweza kudhani unaficha jambo. Mtazame usoni, si kwa kumkodolea, na kama inakuwia vigumu mweleze siku moja kwamba kwenu kuinamisha macho ni heshima. Mimi nilimweleza msimamizi wangu, naye tangu hapo aliacha kuniuliza kama nimekasirika.

Nisemalo kwa msisitizo zaidi ni utani. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumeulea utani mpaka umekuwa dawa: Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo hutaniana hata msibani, na Mhehe akitaniwa kuhusu nyama ya mbwa au kujinyonga hucheka na kurudisha kombora. Utani huo una wenyewe na una mipaka inayojulikana. Uache nyumbani. Mtu anayesikia utani wa kujinyonga mahali pa kazi anaweza kuwa amemzika ndugu yake kwa njia hiyo, na hajui kwamba wewe na Mhehe mwenzako mna ruhusa ya mababu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inalinda sifa 9, zikiwemo dini, umri, ulemavu, jinsia na asili ya mtu, na katika udhalilishaji haiangalii nia yako peke yake, bali pia athari ya maneno yako kwa aliyeyasikia. Ujerumani ina sheria yake ya mwaka 2006 yenye mwelekeo huohuo. Kusema "nilikuwa natania" si utetezi.

Sheria hizo zinakulinda na wewe pia. Ukitukanwa kwa rangi yako au kuigizwa lafudhi yako, usinyamaze kwa sababu ulifundishwa uvumilivu. Andika siku hiyohiyo tarehe, saa, maneno yenyewe na nani alikuwepo, kisha mpelekee msimamizi kwa maandishi. Ujerumani dai la fidia chini ya sheria hiyo hutakiwa kuwasilishwa kwa maandishi ndani ya miezi 2, na watu wetu wengi huutumia muda huo kusubiri mambo yapoe.

Mwisho ni majina. Majina yetu yanayoanza na Mwa- huwashinda wageni, na wengi wetu hukubali kupewa jina fupi tusilolipenda ili tusiwasumbue. Litamke polepole mara mbili, silabi kwa silabi, na uwaombe wajaribu. Nawe fanya hivyo kwa jina la mwenzako wa Poland au India: muulize linavyotamkwa, liandike kwenye daftari lako kwa herufi za Kiswahili kama ulivyolisikia, kisha kesho yake asubuhi msalimu kwa jina hilo.