Kuhamia kwenye usanifu wa mafunzo: anzia kwenye kosa, si kwenye programu

Wengi wanaotaka kuhamia kwenye usanifu wa mafunzo, yaani kazi ya kutengeneza kozi na mazoezi ya wafanyakazi, huanza kwa kununua programu ya kutengenezea kozi. Huo ni mwanzo mbovu. Programu utaijua ndani ya wiki chache. Anachotafuta mwajiri ni mtu anayeweza kugundua wafanyakazi wanakwama wapi, akawatengenezea zoezi la kuwakwamua, kisha akaonyesha kwamba kosa limepungua. Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo pia: unaona mtu akifanya leo jambo lililomshinda mwezi uliopita.

Usiache kazi uliyonayo. Itumie. Kila mahali pa kazi pana kosa linalojirudia, na hilo ndilo mradi wako wa kwanza. Lichague liwe dogo, linalohesabika: fomu zinazorudishwa, mizigo inayopotea, wateja wanaopiga simu mara mbili kwa jambo lilelile. Andika idadi yake kabla hujagusa chochote, maana bila namba ya mwanzo hutaweza kuthibitisha mabadiliko baadaye.

Kisha uliza swali ambalo wanaoanza hulisahau: mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii sawasawa kama maisha yake yangeitegemea? Ikiwa angeweza, tatizo si ujuzi. Huenda fomu ina vipengele vingi mno, kifaa ni kibovu, au msimamizi anawaharakisha watu. Kozi haitibu hayo. Msanifu mzuri humwambia mteja bila kuona haya kwamba karatasi moja ya maelekezo ukutani inatosha. Ushauri wa namna hiyo huokoa fedha na muda wa watu, na ndio unaokujengea heshima.

Ikibainika kwamba ujuzi ndio unaokosekana, andika lengo linaloonekana kwa macho. "Washiriki wataelewa umuhimu wa kupokea mizigo kwa usahihi" si lengo, kwa sababu huwezi kumwona mtu akielewa. Andika hivi: "Mzigo ukipungua, mtunza ghala atajaza fomu ya upungufu na kuisainisha kwa dereva kabla gari halijaondoka." Sasa swali la zoezi linakuja lenyewe: hati ya mzigo inasema katoni 50, umehesabu 48, na dereva ana haraka. Utafanya nini?

Majibu yasiyo sahihi usiyabuni kichwani. Mwulize mtunza ghala mzoefu wageni hukosea vipi. Atakwambia: mmoja husaini kwanza halafu akapiga simu ofisini, mwingine huandika 48 kwenye hati bila saini ya dereva. Hayo ndiyo machaguo yako. Kwa kila moja, mwonyeshe anayejifunza kilichotokea baada ya uamuzi wake, kwa mfano msambazaji amekataa kulipa zile katoni 2. Maoni ya "Si sahihi, jaribu tena" hayamfundishi mtu kitu.

Nadharia unahitaji kiasi, hasa kwa ajili ya usaili. Jua ADDIE, utaratibu uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Florida State mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani: uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji, tathmini. Jua ngazi za Bloom za mwaka 1956, zinazopanga malengo ya kujifunza kuanzia mepesi hadi magumu, na marekebisho yake ya 2001, na ngazi 4 za Kirkpatrick za kupima mafunzo: washiriki walionaje mafunzo, walijifunza nini, wamebadilika vipi kazini, na taasisi imepata nini. Kozi nyingi huishia kupimwa ngazi za mwanzo, kwa hiyo ukifika ya tatu umewapita wengi.

Sasa tengeneza moduli ya dakika 8 hadi 10, isizidi hapo. Anza na storibodi: jedwali lenye safu ya kinachoonekana, kinachosikika, na kinachotokea anayejifunza akibofya. Sauti ya msimulizi husoma takriban maneno 130 hadi 150 kwa dakika, hivyo maelezo ya dakika 5 hayapaswi kuvuka maneno 750. Usimfanye msimulizi asome neno kwa neno maandishi yaliyo kwenye skrini. Macho na masikio yatagombania maneno yaleyale.

H5P, zana ya kutengeneza mazoezi ya kubofya, na Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, hupatikana bure na zinatosha kuanzia. Ukitaka Storyline, programu ya kulipia ya kutengeneza kozi, usiwashe kipindi cha majaribio kabla storibodi haijakamilika, la sivyo muda utaisha ukiwa bado unahariri sentensi. Rangi ya maandishi na ya mandhari zitofautiane kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1, ndipo wenye uoni hafifu waweze kusoma.

Yanayoharibika sana ni ya mwishoni. Mtu amemaliza kozi, mfumo unaoendesha kozi unasema hajamaliza: mara nyingi umeweka alama ya kukamilisha kwenye skrini ya "Asante", na watu hufunga dirisha kabla ya kuifikia. Iweke kwenye matokeo ya zoezi. Mwingine anarudi na kukuta ameanzishwa upya: SCORM, kanuni zinazoiwezesha kozi kuwasiliana na mfumo huo, katika toleo la 1.2 huhifadhi herufi 4,096 tu za kumbukumbu ya alipoishia, na kozi ndefu huzijaza. Igawe, au tumia SCORM 2004 toleo la 4. Kabla ya kukabidhi, jaribu faili kwenye SCORM Cloud, huduma ya mtandaoni ya kujaribia kozi za SCORM.

Halafu waite watu watatu wasioijua kozi hiyo. Kaa kando, nyamaza, andika kila mahali kidole kinaposita. Ukianza kueleza, umeharibu jaribio.

Jalada la kazi utakaloonyesha waajiri liwe na miradi 2 au 3. Kwa kila mmoja eleza tatizo, kwa nini ulichagua suluhisho hilo, ulichokikata na sababu yake, weka kipande cha kubofya, kisha namba za kabla na baada. Nyaraka za mwajiri wako usizianike; omba ruhusa ya maandishi, au ujenge upya kwa data za kubuni. Walimu, ratiba zenu za masomo peke yake hazitoshi: onyesheni kozi anayoimaliza mtu akiwa peke yake na simu, bila mwalimu wa kumfafanulia. Wauguzi na wahasibu, mtego wenu ni kutaka kuingiza kila mnachokijua.

Ukipata kazi ya kwanza ya mkataba, andika humo mizunguko 2 tu ya marekebisho, jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, na idadi ya siku ambazo mtaalamu wa somo, yule anayekupa maudhui ya kozi, anapaswa kujibu. Miradi mingi huchelewa kwa sababu ya mtaalamu asiyejibu. Andika pia kwamba utarejea baada ya siku 60 kuhesabu upya yale makosa, na malipo ya siku hiyo yawe ndani ya bei tangu mwanzo.